Tulivyoivusha ndege ya mtumba kutoka Canada mpaka Zanzibar, na yale ya kuyajua kabla hujatoa hela

Naandika hii kwa ajili ya wenye vikampuni vidogo vya ndege hapa Zanzibar na bara, na vijana mafundi ambao siku moja wataitwa ofisini waambiwe "nenda kailete", maana mie niliambiwa hivyo hivyo na sikumpata mtu hapa wa kumuuliza. Ndege yenyewe ni Dash 8 ya aina ya 100, ile ya mabawa juu na propela mbili, viti 37, imefanya kazi Canada miaka mingi, sisi tukaitaka kwa Unguja–Pemba, Dar na Tanga kidogo. Mie ni fundi wa ndege mwenye leseni, si rubani, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya kifundi na makaratasi, lakini nlikaa ndani ya ndege ile mpaka ikagusa Kisauni, uwanja wa ndege wa Zanzibar, na ya angani nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa nini Dash 8. Hizi zilianza kuingia kazini mwaka 1984, zimetengenezwa kwa viwanja vifupi, na anayeujua uwanja wa Pemba pale Wawi atafahamu kwa nini bosi aliipenda. Injini zake ni Pratt & Whitney PW120, mafundi wanaozijua wapo Nairobi, spea zinapatikana. Hilo la mafundi na spea liwe swali lako la kwanza kabla hata ya bei, kwa sababu ukinunua ndege rahisi ambayo hakuna mtu Afrika Mashariki anaijua utakuja kulipia urahisi ule kila ikipata hitilafu, fundi wa kumuagiza kwa tiketi, spea ya kuagiza kwa wiki kadhaa, na ndege imekaa.

Halafu muuzaji atakuonesha masaa. Atasema ndege hii imeruka masaa machache, haijachoka. Sawa, wewe uliza mizunguko, yaani imepaa na kutua mara ngapi, maana diski za ndani ya injini, miguu ya ndege, na bodi yenyewe, umri wake unahesabiwa zaidi kwa mizunguko kuliko masaa. Ndege inayokwenda masaa matatu kwa safari moja inakula mzunguko mmoja kwa masaa matatu. Sisi Unguja–Pemba ni kama nusu saa, kwa hiyo kila saa ya kuruka tunakula mizunguko miwili. Diski iliyobakisha mizunguko ambayo kwa mtu mwingine ni miaka mitano, kwetu sisi inaweza ikaisha ndani ya miaka miwili, na diski moja ya injini si bei ya kununua kwa pesa za mfukoni. Nilimkalisha bosi chini nikampigia hesabu hii kwenye karatasi na hapo ndipo bei ya ndege ya mwanzo tuliyokuwa tunaitaka ilionekana si rahisi tena, tukaiacha.

Nilipofika kwenye hangari huko, kitu cha mwanzo niliomba choo king'olewe na sakafu ya chini yake ifunguliwe, na chini ya jiko vile vile. Wenyeji wakaniangalia, ati huyu kasafiri mbali hivi kuja kuangalia choo. Lakini mafundi wa ndege wote wanajua kutu inaanzia hapo, maji ya choo, chai, soda, vinapenya chini vinakaa miaka. Ikafunguliwa, nikapitisha kidole kwenye reli ya viti, kikatoka na unga mweupe kama chumvi, na ukikwaruza unaona chuma kimeshaliwa mashimo madogo madogo. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, inatoa unga huo. Ilikuwa sehemu ndogo lakini kwa ndege inayokuja kuishi visiwani, upepo wa bahari asubuhi mpaka usiku, sehemu ndogo ile hailali. Kwa vile pesa kubwa ilikuwa bado haijatoka, muuzaji akatengeneza kwa gharama yake. Ingekuwa tushalipa angetwambia mmenunua kama ilivyo, na mkataba ungempa haki. Ukaguzi wa ndani ya injini kwa kile kikamera chenye waya mwembamba nao tukaufanya hapo hapo, na nikataka picha zote nibaki nazo.

Sasa makaratasi, na hapa naomba msome polepole.

Kila kifaa chenye umri wa mwisho kinatakiwa kiwe na historia tangu kilipotoka kiwandani. Nani kakitumia, kwenye ndege gani, mizunguko mingapi, kimetoka lini kimeingia wapi. Ikikosekana miaka miwili katikati, kifaa kile mbele ya sheria hakina umri, na kisicho na umri hakiruki, hata kiwe kinang'aa. Kwetu sisi ilikuwa kifaa kimoja cha mguu wa ndege, kilikuwa kwa mmiliki wa zamani sana, kampuni ile haipo tena, makabrasha yake yapo kwenye ghala la mtu mwingine. Tukakaa tunasubiri karatasi moja, hoteli inakwenda, chakula kinakwenda, nampigia bosi anasema si utengeneze tu uje nayo, tutaishughulikia huku. Nikamwambia bosi wangu, kwa heshima zote, Mamlaka ya Usafiri wa Anga wakija kukagua watauliza karatasi hiyo hiyo, tofauti itakuwa ndege iko Zanzibar na muuzaji keshalala na pesa zake. Akaelewa. Karatasi ikapatikana na kusubiri kwote kule kulistahili.

La pili ni usajili. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema ndege haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja, na uraia wake ni wa nchi iliyosajiliwa. Kwa hiyo lazima uamue mapema, inaruka kwa herufi za Canada mpaka ifike ndiyo ibadilishwe, au inafutwa kule inaandikwa 5H ya Tanzania kabla haijaondoka. Njia zote mbili zinafaa, lakini kila moja ina mkia wake. Ukibadilisha kabla, leseni za marubani zinatakiwa zitolewe au zitambuliwe na Tanzania, bima isome herufi mpya, leseni ya redio mpya, na kitu ambacho wengi wanakisahau, ile namba ya utambulisho ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na ya kile kifaa cha kutoa ishara ndege ikianguka, zote zinatakiwa ziandikwe upya za Tanzania. Mtu akisahau hilo, Mungu apishie mbali, ndege ikipotea waokoaji wataanza kumpigia simu mmiliki wa zamani. Sisi tulichagua 5H kabla ya kuondoka, na kulikuwa na siku kadhaa ambapo ndege imeshafutwa Canada na cheti cha huku bado hakijafika, yaani ndege haina nchi, huwezi hata kuisogeza angani kuijaribu. Panga siku hizo ziwe chache, watu wa pande zote mbili waongee kwa simu siku ile ile.

Kuhusu pesa ntasema wazi. Bei ya ndege ni mwanzo tu. Juu yake kuna ukaguzi wa kununulia, amana, broka, marubani wa kuvusha ambao wanalipwa kwa siku hata wakiwa wamelala hoteli wanasubiri mawingu, bima ya safari ile peke yake, ada za kutua na za kuhudumiwa kila kituo, vibali vya kupita juu ya nchi za watu, suti na maboya ya baharini ya kukodi, mafuta, na kila malipo ni ya dola na benki haitumi siku ya Ijumaa jioni unapoihitaji. Kampuni ilitenga fungu la dharura, likaisha kabla hatujatoka Canada. Na kibaya zaidi, ofisini walishaanza kuuza tiketi za Disemba kwa ndege ambayo bado iko ng'ambo ya bahari. Hilo ndilo lililonitia uzito moyoni kuliko baridi, kwa sababu kila siku ya kusubiri ilikuwa na majina ya watu wa Pemba wenye harusi na wagonjwa.

Njia ya kuvuka tulikuwa nazo mbili. Moja unatoka St. John's unakwenda moja kwa moja visiwa vya Azores, bahari tupu, na kwa Dash 8 hiyo maana yake ung'oe viti uweke matenki ya mafuta ndani ya kabini, na matenki hayo yanataka michoro, vibali na ukaguzi wake, na mvuke wa mafuta ndani ya chumba mnachokaa. Nyingine ni ya kaskazini, unarukaruka, Goose Bay kule Labrador, Narsarsuaq kule Greenland, Reykjavik, halafu Scotland, kila kipande kati ya kilomita 1,200 na 1,400 hivi, mafuta ya ndege yenyewe yanatosha. Tukachagua kaskazini. Ubaya wake ni kwamba hewa ndiyo inayoamua, si nyinyi.

Goose Bay tukapewa suti za mpira rangi ya chungwa na namna ya kuzivaa. Mie nimezaliwa Pemba, nimeogelea tangu sijaanza skuli, nikadhani bahari ni bahari. Kepteni, mzee wa Canada aliyekwisha kuvusha ndege nyingi, akanieleza taratibu. Ukiingia maji ya kule, dakika ya kwanza unapigania pumzi tu, mwili unataka kuhema ovyo na ukihema chini ya maji umekwisha. Kama dakika kumi vidole bado vinakutii, baada ya hapo huwezi hata kuvuta kamba ya boya. Kama saa moja, fahamu zinaanza kuondoka. Kwa hiyo suti inavaliwa mpaka kiunoni muda wote wa kuruka, si kuwekwa kwenye begi. Usiku ule nlimpigia bi mkubwa, akaniuliza mwanangu unakula nini huko, nikamwambia samaki. Hayo mengine sikumwambia.

Kuna jambo la barafu nataka mafundi walisikie. Mbele ya mabawa ya Dash kuna mipira myeusi, inavimba kwa hewa na kuipasua barafu inayoganda. Wakati wa kununua watu watakwambia hiyo isikuumize kichwa, kwenu Zanzibar hakuna barafu. Ni kweli hakuna, lakini baina ya kule na huku ipo, na ndege hii dari yake ni futi 25,000, haiwezi kupanda juu ya mawingu kama ndege kubwa, itapita ndani yake. Nikaikagua mipira ile inchi kwa inchi, viraka vibovu vikabandikwa upya, vipasha moto vya propela tukavipima. Na mafuta vile vile uliza ni yapi, Jet A inaganda kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, Jet A-1 ni 47, huku kwetu hatuna haja ya kujua tofauti hiyo lakini kule ina maana.

Tukaondoka alfajiri. Kepteni alikuwa na ramani ya karatasi, kachora mstari kwa penseli katikati ya bahari. Akasema kabla ya mstari huu tunaweza kurudi Goose Bay, baada yake tunakwenda mbele tu. Narsarsuaq iko mwisho wa ghuba nyembamba ndefu, milima huku na huku, uwanja Wamarekani waliujenga 1941 wakati wa vita, njia ya kurukia ni mita 1,830 na imeinama, na uwanja mwingine wa kukimbilia uko mbali. Nilikuwa kwenye kiti cha kukunja nyuma yao, naangalia wepa ya kioo maana barafu huanza kuonekana pale kwenye mkono wake, ikaanza kweli, nyeupe, unene wa kidole, mipira ikavimba, nikasikia vipande vinapiga bodi pembeni. Redio ya HF, ile ya masafa marefu, inakoroma, sauti zinakuja na kupotea. Karibu na mstari rubani msaidizi, kijana wa Tanga, akaomba taarifa ya hali ya hewa ya Narsarsuaq. Wingu limeshuka ndani ya ghuba. Kepteni hakusema neno, hakuuliza mtu, akaigeuza ndege. Nilisikia raha na huzuni kwa pamoja, nikawaza majina ya abiria wale. Kijana wa Tanga akageuka akaniambia, "Fundi, tushukuru Mungu mafuta ya kurudia tunayo."

Tulipofika nikampigia bosi, huko Zanzibar ni jioni. Akasema watu washakata tiketi, ofisi imejaa, mwambie huyo mzee ajaribu kesho kwa vyovyote. Nikamjibu bosi, tiketi zinarudishwa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akasema haya, mwambie kepteni aamue yeye, na mie huku ntaongea na wateja. Namshukuru sana kwa neno lile mpaka leo, kwa sababu nimesikia kwa marubani wengine jinsi simu za ofisini zinavyowasukuma watu kuvuka mstari. Kama wewe ni mmiliki, mwandikie rubani wako kwenye mkataba kabisa kwamba kurudi ni haki yake na malipo yake hayatapungua. Na usiuze tiketi hata moja kabla ndege haijawa hapa na cheti chake.

Tulisubiri tena, hewa ikafunguka, tukavuka. Kuingia ile ghuba na mapande ya barafu yanaelea chini rangi ya buluu ni kitu sitakisahau, lakini nlikuwa naangalia geji za mafuta ya injini kuliko mandhari. Pale walikuwa na saa zao za kufungua na kufunga, ukitaka nje ya saa unalipa ziada, kwa hiyo hatukuchelewa kuondoka. Kila usiku betri tulizitoa tukalala nazo ndani, ukiziacha kwenye baridi ile asubuhi haziwashi. Propela moja ikaanza kuvuja mafuta kidogo kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasitoke, ndege iliyosimama muda mrefu halafu ikapigwa na baridi sili zake zinakauka na kusinyaa, nilikuwa nimebeba za akiba. Beba sili, matairi, breki, mafuta ya injini, na zana zako mwenyewe. Iceland na Scotland zilipita salama, hakuna la kusimulia ila bei ya chakula.

Kutoka Scotland tukashuka Ufaransa, Italia, kisiwa cha Krete, halafu Luxor. Zamani watu wakipita Khartoum kujaza mafuta, lakini tangu vita vilipoanza Aprili 2023 njia ile si ya kutegemea, kwa hiyo tukazunguka Jeddah na Djibouti. Vibali vya huku ndivyo vilivyotuchelewesha, kila kibali kina tarehe zake, ukikwama nchi moja siku mbili vya mbele vyote vinakufa uanze kuomba upya. Ombeni vibali vyenye siku za nafasi, na tumieni wakala mmoja wa njia nzima.

Djibouti tukawa na shida ya kinyume chake, joto. Injini hizi ukiziwasha kwenye joto kali na betri iliyochoka, moto wa ndani unapanda haraka kupita kiwango na unaweza kuzichoma kabla hujaondoka. Tukaomba umeme wa gari la uwanjani, tukawasha alfajiri, macho yangu hayakutoka kwenye geji. Nairobi, halafu kipande cha mwisho, kilomita kama 600. Tulipoona kisiwa cha Chumbe kijana wa Tanga akaniachia kifaa cha masikio nisikilize mnara wa Zanzibar ukitukaribisha kwa Kiswahili, na mie nikashindwa kujizuia, nililia.

Lakini kutua si mwisho, wengi hapo ndipo wanapojidanganya. Ndege ikifika inakaguliwa, halafu inatakiwa iingizwe kwenye cheti cha uendeshaji cha kampuni, ile AOC, marubani wenu wapate mafunzo ya aina hiyo ya ndege, wahudumu nao, vitabu vya matengenezo viidhinishwe, kila fundi awe na idhini yake. Sisi ndege ilikaa chini Disemba yote, na msimu wa wageni ukaipita mbele ya macho. Wakati huo inakaa tuliiosha injini kwa maji safi na kuipulizia dawa ya kutu kila mahali nilipoweza kuingiza mkono, kwa sababu chumvi haingojei AOC. Ukitaka ikufae msimu wa Juni, ianze kutafutwa Juni ya mwaka uliopita, ivuke bahari kabla ya baridi ya Oktoba, na mafunzo ya marubani yaanze wakati ndege bado iko kwa muuzaji.

Hivi sasa inakwenda Pemba kila siku na inajaa. Bosi keshaanza kuulizia ya pili, iko Ulaya safari hii. Nimemwambia nisafiri mie kwanza nikasome makabrasha na kufungua sakafu kabla hajatoa hata senti ya amana, na tarehe yoyote asiitangaze. Amekubali yote mawili, na pasipoti yangu nishaipeleka ubalozini.